Siku Diwani aliponyamaza

Kuna ndege wapole, halafu kuna Diwani.

Diwani ni kasuku mdogo, hazidi urefu wa kiganja cha mtu mzima, anayeishi na familia moja ya Sola, wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Mwili wake ni wa kijani, uso na shingo vina rangi ya machungwa, mdomo ni mwekundu, na kila jicho limezungukwa na duara jeupe utadhani amevaa miwani. Jina alipewa na baba mwenye nyumba.

"Anaongea kuliko mwenyekiti wa kijiji, hamsikilizi mtu, na kila kikao yumo," baba huyo aliniambia huku akicheka.

Mtoto wao wa pili, mvulana wa darasa la tatu, alimwokota katika shamba la mtama alipokwenda kuamia ndege. Bawa moja lilikuwa linaning'inia. Bibi yake alilifunga kwa kitambaa, akamwekea mtama kwenye kifuniko cha ndoo, akasema kama ndege huyo atafika asubuhi basi ana siku zake. Akafika asubuhi. Akamaliza wiki. Kufikia mwezi wa pili alikuwa ameshajua kufungua mlango wa kitundu chake kwa mdomo, na hapo ndipo vituko vilipoanza.

Alinyofoa vifungo vya shati la shule, kimoja baada ya kingine. Alitafuna kingo za daftari la hisabati hadi mwalimu akauliza kama nyumbani kwao kuna panya. Alitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kunywa iliyoachwa wazi, akaopolewa kwa kata. Alitua juu ya mfuniko wa sufuria ya maharage yanayochemka, akaruka akipiga kelele nyumba nzima ikasikia. Paka wa jirani alishawahi kubaki na manyoya yake mawili ya mkia.

"Huyu kiherehere chake ndicho kitakachomuua," bibi alizoea kusema.

Lakini siku Diwani alipokaribia kufa kweli, hakuwa na kiherehere chochote. Alikuwa ndani ya kitundu, mlango umefungwa kwa waya, pamoja na watoto wawili chumbani.

Jioni ya mvua

Mama wa watoto alinisimulia mwenyewe, na akaniruhusu niandike ili wazazi wengine wasikie.

Ilikuwa jioni ya mvua kubwa, mwezi wa tatu. Jiko lao liko nje, na upepo ulikuwa unaingiza maji hadi kwenye mafiga. Akaliingiza jiko la mkaa ndani ya nyumba, akapikia humo ugali na dagaa. Walipomaliza kula, mkaa ulikuwa bado mwekundu, umewaka vizuri, hauna hata uzi wa moshi. Chumba cha watoto kilikuwa na baridi, na mdogo wao, msichana wa miaka minne, alikuwa na mafua. Mama akalisogeza jiko chumbani. Akafunga dirisha mvua isiingie, akarudisha mlango joto lisitoke. Kitundu cha Diwani kilihamishiwa humo humo, kwa sababu sebuleni bati lilikuwa linavuja pale kinaponing'inia siku zote.

Kila jioni, kabla hajatulia, Diwani hupiga kelele kama robo saa hivi. Jioni ile alianza kama kawaida, kisha akakatisha. Bibi alikuwa sebuleni akichambua kunde.

"Mwanangu, mbona Diwani kimya?"

"Amelala, mama."

"Huyo? Alale taa ikiwaka?"

Bibi aliinuka, akafungua mlango wa chumba. Diwani alikuwa chini ya kitundu, mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Mvulana alikuwa amekaa kitandani ameshika kichwa, anasema kinamgonga. Msichana alikuwa amelala.

Bibi hakuuliza swali. Alimbeba mjukuu wake mdogo, akapaza sauti wote watoke nje. Mama akamkamata mvulana mkono. Baba akalitoa jiko, akarudi kufungua dirisha, akatoka na kitundu. Walisimama barazani mvua ikiwarushia maji miguuni. Msichana alipoamshwa alikuwa amelegea, akatapika. Wakampeleka usiku ule ule kwenye kituo cha afya kwa bodaboda, na mvulana naye.

Muuguzi aliyewapokea, baada ya kusikia kwamba watoto wawili wameumwa kichwa na kulegea kwa wakati mmoja, aliuliza: "Mlikuwa na jiko ndani?"

Watoto waliangaliwa hadi asubuhi, wakaruhusiwa. Waliporudi nyumbani walimkuta Diwani juu ya kijiti chake barazani, amelowa, anagombana na kuku.

Kwa nini ndege alianza

Mkaa unapoungua mahali penye hewa kidogo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikoholeshi. Ikivutwa huingia kwenye damu na kushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi tena kile ambacho ubongo na moyo vinakihitaji.

Ndege huathirika mapema kwa sababu ya namna anavyopumua. Sisi tunavuta hewa, inaingia, kisha inatoka kwa njia ile ile. Ndege ana vifuko vya hewa mwilini, kwa kawaida tisa, vinavyosukuma hewa ipite kwenye mapafu yake kwa mwelekeo mmoja bila kukatika. Kuruka ni kazi nzito na inahitaji oksijeni nyingi, hivyo maumbile yalimpa mapafu hodari. Tatizo ni kwamba mapafu hayo hayo huvuta na sumu kwa uhodari ule ule. Na mwili wenyewe ni mdogo: kasuku wa aina ya Diwani ana uzito wa gramu 50 hivi.

Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza waliitumia siri hii kwa miaka mingi. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasayansi John Scott Haldane, mzaliwa wa Scotland, alichunguza vifo vya wachimbaji waliokufa baada ya milipuko migodini, akaonyesha kwamba wengi wao waliuawa na gesi hii na si na moto. Akashauri wachimbaji waingie na wanyama wadogo ambao wangeonyesha dalili kabla ya mtu. Ndege wadogo wa njano waitwao kanari ndio waliochaguliwa. Ndege akiyumba na kuanguka, watu walijua wakati wa kutoka umefika. Migodi ya Uingereza iliendelea na utaratibu huo hadi mwaka 1986, vifaa vya kisasa vilipochukua nafasi yao.

Usinielewe vibaya. Sikushauri uweke ndege chumbani kwa mtoto ili akulinde. Familia hii ilikuwa na bahati kwamba bibi alikuwa macho, kwamba anazijua tabia za ndege wake, na kwamba hakuridhika na jibu la "amelala". Usiku mwingine bibi angekuwa msibani, au amekwenda kulala mapema.

Mkaa usio na moshi

Mazungumzo yangu na mama huyo yalirudi mara nyingi kwenye jambo moja: mkaa haukuwa na moshi. Wengi wetu tumekuzwa tukiambiwa kwamba jiko baya ni lile linalofuka, na kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu ni salama. Moshi unauona na unaukimbia. Kaboni monoksidi huioni, na mkaa mwekundu unaendelea kuitoa hadi utakapozimika kabisa.

Zipo imani nyingine za kuachana nazo. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi kama hakuna hewa inayoingia upande mmoja na kutokea upande mwingine. Bakuli la maji kando ya jiko haliinyonyi gesi hii. Kufunika mkaa kwa majivu ili ukae hadi asubuhi kunaufanya uungue polepole kwa hewa kidogo, na hali hiyo ndiyo inayozalisha gesi.

Imani nyingine ni kwamba mtu ataamka akianza kuzidiwa. Aliyelala anazidi kulala. Mtoto yuko hatarini zaidi kuliko mtu mzima kwa sababu anapumua haraka zaidi ukilinganisha na ukubwa wa mwili wake. Mama mjamzito naye anabeba hatari ya wawili.

Dalili zake zinafanana na za malaria au mafua, na ndiyo maana hupita bila kutambuliwa: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea, kuchanganyikiwa. Tofauti ya kuangalia ni hii. Kama watu wawili au zaidi katika nyumba moja wameanza kuumwa kichwa saa ile ile, na wanapata nafuu wakitoka nje, fikiria jiko kabla hujafikiria mbu.

Na hata pale ambapo hakuna anayezimia, moshi wa kila siku unadhuru taratibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya ndani ya nyumba, itokanayo na kuni, mkaa na nishati nyingine chafu za kupikia, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hapa nchini, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umeweka lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema. Lakini leo usiku, katika nyumba nyingi za Sola, Malampaka na Lalago, kinachopika ni mkaa na kuni, kwa hiyo tuzungumzie kinachowezekana leo usiku.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Jiko la mkaa lisilale ndani ya nyumba, hata kama limebaki na makaa matatu. Likimaliza kazi litoke nje, mahali ambapo mvua na watoto havilifikii.

2. Ikibidi kupikia ndani kwa sababu ya mvua, fungua mlango na dirisha vinavyotazamana, na watoto wakae chumba kingine. Kuona moshi unatoka kusikufanye ufunge mapema.

3. Baridi ya usiku itibiwe kwa blanketi, soksi na kulaza watoto pamoja. Maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa khanga yanapasha kitanda bila kuchafua hewa. Chupa itolewe kabla mtoto mdogo hajalala.

4. Acha tundu la kupitisha hewa juu ya ukuta. Nyumba nyingi mpya za matofali ya kuchoma na bati zinajengwa bila matundu hayo, au yanazibwa kwa gunia kuzuia mbu. Weka wavu wa mbu badala ya gunia.

5. Ukihisi mtu amedhurika, mtoe nje kwanza. Usianze kutafuta dawa wala kumwashia feni humo humo ndani. Kisha mpeleke kituo cha afya hata kama ameanza kuchangamka, na uwaambie wahudumu wazi kwamba kulikuwa na jiko ndani. Ukihitaji msaada wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba ni 114 na kupiga ni bure.

6. Mweleze na dada wa kazi, na mtoto mkubwa anayebaki na wadogo zake. Mara nyingi wao ndio wanaowasha na kuzima jiko, na ndio wa mwisho kuambiwa.

Kwa wanaofuga ndege ndani, yapo na mengine. Vikaango visivyogandisha chakula, vikipata moto kupita kiasi, hutoa mvuke unaoweza kuua ndege kwa muda mfupi. Dawa za mbu za kupuliza zina madhara kwake. Parachichi, ambalo mtoto anaweza kumgawia kwa upendo, ni sumu kwa kasuku. Na ndoo ya maji iliyo wazi, ile aliyotumbukia Diwani, ni hatari kwa mtoto anayeanza kutembea kuliko ilivyo kwa ndege. Ifunike.

Diwani ni wa nani

Msomaji makini ameshajiuliza swali jingine: je, inaruhusiwa kumfuga?

Kasuku wa aina hii, ambaye wengine humwita cherero, ni mwenyeji wa kwetu. Asili yake ni ukanda wa kaskazini mwa Tanzania, kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria hadi nyika za Serengeti. Kwa jina la kitaalamu anaitwa kwa heshima ya Gustav Fischer, mvumbuzi wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1886. Wazungu walimpenda mno. Miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa ndege pori waliouzwa kwa wingi zaidi duniani, na idadi yake porini ikapungua. Ndege ambaye mtoto wa Sola anamfukuza kwenye mtama, mtoto wa Ulaya ananunuliwa dukani. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi.

Kwa ndani ya nchi, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayekamata au kufuga mnyamapori, na ndege pori wamo. Kumwokota aliyeumia kwa huruma ni jambo moja, kumfanya wako ni jambo jingine. Mtoto akija na ndege aliyejeruhiwa, toa taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya yako, naye atakuelekeza. Kununua kasuku barabarani kutoka kwa kijana mwenye tenga ni kumpa sababu ya kwenda kuzibua kiota kingine kwenye mti.

Baba yake Diwani ameshakwenda kutoa taarifa, na familia inasubiri maelekezo. Bawa limepona. Jioni kundi la wenzake likipita kuelekea kwenye mibuyu, Diwani hujibu kutoka barazani, nao hupunguza mwendo. Mvulana hapendi kabisa kuzungumzia siku ya kumwachia. Bibi amemwambia kwamba watakwenda wote wawili kumwona akiruka, na kwamba mtama wa msimu ujao ataamia akijua kuna mmoja humo anamfahamu kwa jina. Mtoto hajakubali, lakini ameacha kulia.

Ni somo zuri kwa mtoto wa miaka tisa, na wazazi tusiharakishe kumpa kuku badala yake. Mwache ahuzunike kidogo. Mpe daftari aandike ni ndege wangapi amewaona siku hiyo na walikuwa wanakula nini. Ukanda huu una ndege ambao watu wanasafiri kutoka mabara mengine kuja kuwatazama, na yeye anawapata bure akiwa njiani kwenda shule.

Kuhusu jiko, mama huyo ameweka utaratibu ambao nimeuchukua na kuuleta nyumbani kwangu. Kila usiku, kabla taa haijazimwa, mtu mmoja anauliza kwa sauti, "Jiko liko wapi?" na mwingine analazimika kujibu, "Liko nje." Asipopatikana wa kujibu, hakuna anayelala. Watoto wameugeuza mchezo na wanashindana kuuliza kwanza.

Jaribuni leo. Tukutane wiki ijayo.